Mafuta kwa sato yana kipimo chake

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba ukiongeza mafuta kwenye chakula cha sato (tilapia) wanaofugwa kwenye vizimba vya nyavu majini, watakua haraka. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya protini, kwa hiyo samaki anachoma mafuta na ile protini ya dagaa (bei yake mnaijua wenyewe!) inabaki kujenga mnofu. Ila sato si salmoni. Salmoni analishwa chakula chenye mafuta asilimia 30 na zaidi. Sato asilimia 10 hivi inamtosha. Ukizidisha, yanajaa tumboni na kwenye ini, kilo zinapanda mizani lakini mnofu ni uleule.

Kinachoniuma zaidi ni mafuta yaliyochacha. Pumba za mpunga tunazowalisha zina mafuta ndani yake, na zikikaa stoo kwenye joto la huku Mwanza zinachacha upesi, na mafuta ya namna hiyo yanaharibu vitamini E ambayo samaki anaitegemea kwa kinga. Mimi niliwahi kulisha za hivyo, wakaanza kufa kidogo kidogo, nikalaumu maji. Siku hizi nanusa kila gunia kabla sijalipa.