Ukitaka Kukijua Chuo, Anza na Adhabu Zake

Picha za vijitabu vya vyuo ni zile zile. Vijana wanne chini ya mti, mmoja kapakata kompyuta, wote wanacheka kama waliotangaziwa kuwa mtihani umefutwa, na chini yake maandishi: "Sisi ni familia moja." Siku hizi kila chuo ni familia. Kinachomfukuza mwanafunzi kwa kuandika malalamiko ni familia, na kile ambacho mhadhiri wake haulizwi swali nacho ni familia. Kisha kijana aliyeambiwa atafute chuo kinachoendana na maadili yake anakaa na vijitabu hivyo na kuchagua kwa uzuri wa nyasi.

Kijitabu hutungwa na watu wa masoko. Kanuni za nidhamu hutungwa na watu waliochoshwa na jambo fulani, na ndiyo maana huwa zinasema kweli. Ziombe ofisi ya udahili kabla hujalipa chochote. Wakikujibu kwamba utapewa baada ya kusajiliwa, umeshajibiwa mengi.

Ukizipata, ruka dira na dhamira, nenda moja kwa moja kwenye makosa na adhabu. Angalia kwanza nani anahukumu. Je, wanafunzi wamo kwenye kamati ya nidhamu, na wana kura au wanahudhuria tu? Aliyekushtaki anaweza pia kukuhukumu? Rufaa ipo, inakwenda kwa nani, na umepewa siku ngapi za kuikata? Kanuni inayotaja "mwenendo usiofaa" bila kueleza ni upi, kisha ikamwachia mtu mmoja kuamua, ni ya kuogopa kuliko orodha ya makatazo 50 yaliyoandikwa waziwazi.

Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, kina mfumo wa uaminifu ulioanza mwaka 1842 na unaendeshwa na wanafunzi. Kwa miaka mingi, aliyepatikana na hatia ya kudanganya, kusema uongo au kuiba alikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa, hadi wanafunzi wenyewe walipopiga kura mwaka 2022 kuilegeza. Chuo cha Haverford, huko huko Marekani, wanafanya mitihani bila msimamizi. Brigham Young, chuo cha kanisa la Wamormoni, kinakataza pombe, sigara, chai na kahawa, ndani na nje ya kampasi, na mwanafunzi huhitaji idhini ya kiongozi wa dini kila mwaka ili aendelee kusoma.

Msomaji mwenye haraka ataona hapo kuna chuo kizuri na chuo kibaya. Sivyo. Kijana asiyekunywa, anayetaka kulala saa nne usiku bila muziki kupenya ukutani, anaweza kustawi Brigham Young kuliko mahali pengine popote. Balaa huanza pale anapoingia kwa sababu ada ni nafuu, akiamini masharti yatazoeleka, na katika mwaka wa pili imani yake ikabadilika. Masharti hayatabadilika naye. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama unaweza kuyatii leo. Uliza chuo kitakufanya nini siku ukiwa mtu mwingine, maana watu wengi huingia chuoni na mawazo fulani na kutoka na mengine.

Jambo la pili la kuchimba, ambalo karibu hakuna anayelichimba, ni jinsi alama zinavyotolewa. Chuo kikiweka ukomo wa idadi ya A, kila anayekusaidia anakupa nafasi yake. Matokeo yake ni vitabu vinavyofichwa maktabani na noti za darasani ambazo ghafla "zimepotea". Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2004 walijiwekea lengo kwamba A zisizidi asilimia 35. Mwaka 2014 wakaachana nalo, baada ya malalamiko mengi kuhusu msongo na ushindani. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, wamekwenda upande mwingine: muhula wa kwanza, somo ulilofeli halionekani kwenye rekodi inayotoka nje. Unayesema unathamini ushirikiano, uliza hili kabla ya kuuliza kuhusu vilabu.

Orodha za vyuo bora? Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Columbia walishuka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18 kwenye orodha ya U.S. News ya vyuo vya Marekani baada ya profesa wao wa hisabati kuonyesha kwamba takwimu zao zilikuwa na kasoro. Chuo kilikuwa kile kile, na hata namba zingekuwa safi, zisingekuambia wanafunzi wanatendeana vipi.

Haya, nikubali lisiloepukika: gharama na kozi hutangulia, na mwenye barua moja tu ya udahili hana cha kulinganisha. Hata huyo kanuni zitamfaa, maana atajua mapema mambo ya kukaa nayo mbali.

Ukipata nafasi ya kutembelea, usiende siku ya wageni. Nenda katikati ya muhula, siku ya kazi, ubaki hadi usiku. Soma mbao za matangazo ujue nani anaruhusiwa kubandika. Tafuta gazeti la wanafunzi la miaka miwili iliyopita, uone walilalamikia nini na utawala ulijibu vipi, au kama ulijibu. Wanaokutembeza huwa wamechaguliwa, kwa hiyo waage kwa heshima, utafute wa mwaka wa tatu anayekula peke yake. Usimuulize kama anakipenda chuo, kwa kuwa atasema ndiyo ili umwache ale. Muulize ni nani anayemfahamu aliyeacha masomo hapo, na kwa nini. Kisha muulize mara ya mwisho mwanafunzi alipompinga mhadhiri darasani iliishaje. Akigeuka kwanza kuangalia nyuma yake ndipo ajibu, rudi kwenye zile kanuni usome tena ukurasa wa rufaa.