Dini, falsafa na maadili kidato cha sita: lichukuliwe au liachwe?

Uingereza, kijana anayeingia kidato cha sita kwa kawaida huchagua masomo matatu tu ya A-level. Akisema mojawapo ni somo moja linalojumuisha dini, falsafa na maadili, nyumbani ataulizwa litampa kazi gani. Katika familia zilizohamia huko kutoka Afrika Mashariki kuna swali zito zaidi: je, hawatamvurugia imani?

Hofu ya kazi ina msingi. Mwaka 2011 vyuo vikuu vya kundi la Russell, yaani muungano wa vyuo vikuu vinavyoongoza kwa utafiti nchini Uingereza, vilitoa orodha ya masomo yanayofungua milango mingi, na somo la dini halikuwamo. Orodha hiyo ilifutwa 2019, lakini dhana kwamba somo hili ni jepesi bado ipo. Anayetaka uhandisi abebe Hisabati, hilo halina mjadala. Kwa anayeelekea sheria, ualimu au uandishi wa habari, naona hofu imepitiliza. Asilimia 60 ya alama hutolewa kwa kuchambua na kupima hoja; maarifa yenyewe yana 40.

Suala la imani ni gumu zaidi. Mwanafunzi husoma hoja za mwanateolojia Mkristo Aquinas za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, kisha pingamizi za mwanafalsafa Hume, kisha tatizo la uovu: ikiwa Mungu ni mwema na mwenye uwezo wote, mtoto asiye na hatia anateseka kwa nini? Wapo wanaotikisika, na mzazi anayeliogopa hilo hajakosea. Lakini swali hilo kijana atakutana nalo msibani, au usiku akiwa peke yake na simu. Ni heri alikute darasani, pamoja na majibu ya wanafikra wa Kikristo Augustine na John Hick, na mwalimu wa kumuuliza. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliwasoma wanafalsafa kwa undani kwanza ndipo akawapinga. Imani yake haikuhitaji kufichwa wasiione.

Ninachokilaumu mimi ni jinsi somo linavyotahiniwa. Katika bodi ya mitihani ya OCR kila karatasi ni ya saa 2 na insha 3, yaani dakika 40 kwa swali ambalo watu wamelibishania karne nyingi. Wengi hujihami kwa kukariri insha nzima na orodha ya majina. Ndiyo maana kosa hili ni la kawaida: kuandika kwamba Hume alimjibu mwanateolojia Paley kuhusu mfano wake kwamba ulimwengu, kama saa ya kuonyesha wakati, lazima uwe na fundi aliyeutengeneza. Hume alifariki 1776, na kitabu cha Paley kilitoka 1802. Aliyeelewa mtiririko wa mjadala hawezi kuteleza hapo, aliyekariri atateleza.

Majina hayo nayo, karibu yote ni ya Ulaya na Marekani. Hata Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, ni nadra kutajwa kuwa mtoto wa Afrika Kaskazini. Shule inaweza kuchagua Uislamu kwa karatasi ya dini, lakini karatasi za falsafa na maadili hubaki zilezile.

Kwangu mimi, kijana mwenye hamu alichukue, ila aombe kwanza kuketi kipindi kimoja. Akikuta wanafunzi wanabishana na mwalimu anawadai sababu, ajiandikishe. Akikuta wananakili nukuu za kukariri, achukue Historia, na falsafa akaisome chuoni.