Kipaumbele cha maveterani Marekani: deni la nchi, mfuko wa nani?

"Si umetoka jeshini wewe? Serikali yenyewe itakupa kazi." Maneno haya huyasikia karibu kila kijana wetu anayerudi uraiani baada ya kumaliza mkataba wake katika jeshi la Marekani. Atayasikia msibani, harusini, nje ya msikiti au kanisa, popote Wakenya, Watanzania na Wakongo wa huku wanapokutana. Wanaoyasema wanamtakia heri. Lakini nimeona vijana waliotuma maombi mawili matatu, wakakaa wakingoja kuitwa, na miezi sita baadaye wako barabarani wanaendesha malori huku wakiamini kwamba walidanganywa.

Walichoelezwa kilikuwa nusu ya habari. Sheria ya kuwapa maveterani kipaumbele katika ajira za serikali kuu ipo, ina nguvu, na ina umri mrefu. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Bunge la Marekani liliagiza kwamba waliotoka jeshini kwa majeraha au maradhi wafikiriwe kwanza katika nafasi za serikali. Msingi wa utaratibu wa leo ni sheria aliyoisaini Rais Franklin Roosevelt tarehe 27 Juni 1944, wiki tatu kamili baada ya majeshi ya Marekani na washirika wake kutua Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika mtihani wa kuajiriwa, veterani mwenye sifa huongezwa alama 5, na aliyepata ulemavu kwa sababu ya utumishi huongezwa 10, ilimradi awe amefaulu kwanza kwa kufikisha 70 kati ya 100. Kuanzia 2010 idara nyingi ziliacha kupanga watu kwa alama moja moja na kuwaweka katika makundi ya ubora. Hapo veterani hutangulia mbele ya wenzake wa kundi lake, na mwenye ulemavu uliotambuliwa wa asilimia 10 au zaidi hupandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwenye kazi za kitaalamu na za kisayansi kuanzia ngazi ya GS-9 (GS ni ngazi za mishahara za serikali kuu, namba ikipanda na cheo kinapanda). Afisa anayetaka kumruka veterani ili amchukue mtu asiyewahi kuwa jeshini lazima aandike sababu na apate kibali.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, nami nasimama nao sehemu kubwa ya njia. Binti aliyejiunga na jeshi akiwa na miaka 19 na kutoka akiwa na 27 anawakuta wenzake wa shule wameshapanda vyeo, wana watu wa kuwadhamini, wana wasifu wa kazi unaoeleweka na kila mwajiri. Yeye ana miaka minane ya kazi ngumu ambayo uraiani haina jina. Alihesabu na kutunza vifaa vya mamilioni ya dola, lakini cheo chake kwenye karatasi ni namba na herufi ambazo mwajiri wa kawaida hajawahi kuziona. Juu ya hayo kuna mwili. Mlio wa masikioni usiokoma ndio ulemavu unaotambuliwa kwa maveterani wengi kuliko mwingine wowote, kisha kuna magoti, mgongo, na usingizi uliokatika usirudi tena. Mwajiri binafsi ana faida ya kuangalia. Serikali ndiyo iliyomtuma, kwa hiyo si haki iwe ya kwanza kumwambia hana uzoefu.

Sasa nimgeukie Helen Feeney, kwa sababu bila yeye mjadala huu unakuwa wa upande mmoja. Feeney alikuwa mtumishi wa serikali ya jimbo la Massachusetts, aliyeajiriwa mara ya kwanza 1963. Jimbo hilo lilikuwa na sheria kali kuliko ya serikali kuu: veterani yeyote aliyefaulu mtihani aliwekwa juu ya kila asiye veterani, maisha yake yote, bila kujali alama. Mwaka 1971 Feeney alipata alama ya pili kwa ubora katika mtihani wa nafasi moja kwenye bodi inayosimamia madaktari wa meno. Orodha ilipotoka, alikuwa wa sita, nyuma ya wanaume watano waliokuwa maveterani. Mwaka 1973 alifanya mtihani mwingine na kushika nafasi ya tatu kwa alama. Orodha ilimweka nyuma ya wanaume 12, na 11 kati yao walikuwa na alama chini ya zake.

Alikwenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Zaidi ya asilimia 98 ya maveterani wa Massachusetts wakati huo walikuwa wanaume. Hiyo haikuwa bahati mbaya: sheria ya 1948 iliyowaruhusu wanawake kuwa sehemu ya kudumu ya jeshi iliwawekea kikomo cha asilimia 2, na kikomo hicho kiliondolewa 1967 tu. Kwa maneno mengine, serikali iliwafungia wanawake mlango wa jeshini, kisha serikali hiyohiyo ikatumia jeshi kuwa mlango wa ofisini. Juni 1979 majaji saba dhidi ya wawili walisema sheria ni halali, kwa kuwa lengo lake halikuwa kuwabagua wanawake hata kama ndio walioumia. Jaji Thurgood Marshall alikuwa mmoja wa wawili waliokataa. Kila nikiisoma hukumu ile naona majaji wengi walijibu swali la nia, na mwanamke yule alikuwa ameuliza swali la matokeo.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Hapo sina ubishi. Ninachouliza ni pesa inatoka mfuko wa nani. Siku tano kabla ya kusaini sheria ya kipaumbele, tarehe 22 Juni 1944, Roosevelt alisaini sheria nyingine iliyowapa maveterani masomo na mikopo ya nyumba. Ile ya masomo na nyumba ililipwa na hazina, maana yake taifa zima lilichangia. Hii ya kipaumbele hailipwi na hazina hata senti. Inalipwa na yule aliyekuwa wa pili akawa wa sita, na yeye hajaulizwa, wala hatapewa hata barua ya kumshukuru.

Katika familia zetu za huku, jambo hili liko mezani kwa maana halisi. Kaka aliingia jeshini na kadi ya ukaazi, akapata uraia, akarudi na goti bovu. Dada yake alibaki kumlea mama, akafanya kazi za usiku katika nyumba za wazee, akasoma uhasibu jioni, akapata uraia baada ya kungoja miaka yake. Wote wawili wanaomba kazi katika ofisi ileile ya kodi. Ukimuuliza mama nani anastahili kutangulia, atakuangalia tu. Nani atamlaumu?

Kwa hiyo namsikiliza anayesema kipaumbele kimepitwa na wakati. Anakumbusha kwamba tangu 1973 hakuna anayelazimishwa kujiunga, na kwamba kijana wa leo anaingia kwa hiari, kwa mshahara na bima. Hata hivyo hoja hiyo ina upande wa pili. Kwa sababu hakuna anayelazimishwa, mzigo umewashukia wachache, na miongoni mwao wamo wahamiaji. Kati ya 2009 na 2016 jeshi lilikuwa na mpango wa kuchukua wageni wenye utaalamu wa tiba au lugha adimu, Kiswahili kikiwamo katika orodha ya lugha hizo. Hali ya wanawake nayo imebadilika: leo ni kama mmoja kwa kila askari sita. Ubaguzi aliokutana nao Feeney umepungua, ingawa haujaisha.

Tena sheria yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Hapa ndipo vijana wetu wanapoumia zaidi, na ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Kuwa veterani hakumaanishi kuwa na kipaumbele. Alama 5 hupewa waliotumikia katika vipindi vilivyotajwa, mojawapo kikiwa kati ya 11 Septemba 2001 na 31 Agosti 2010 kwa zaidi ya siku 180 mfululizo, au waliopata medali ya kampeni ya vita. Aliyejiunga 2013, akatumikia kambini Texas miaka minne, akatoka salama bila kupelekwa vitani na bila ulemavu uliotambuliwa, anaweza akakuta hana hata alama moja. Wastaafu wa cheo cha meja na kuendelea nao hawapati, isipokuwa wenye ulemavu. Na kipaumbele kinahusu kuingia kazini. Kwenye kupandishwa cheo ndani ya ofisi hakihesabiwi.

Zipo njia nyingine. Sheria ya 1998 inamruhusu veterani mwenye miaka mitatu hivi ya utumishi mfululizo kuomba nafasi ambazo kwa kawaida hutangazwa kwa watumishi waliomo tu. Ipo pia njia ya kumwajiri veterani bila ushindani mpaka ngazi ya GS-11, na walio ndani ya miaka mitatu tangu watoke jeshini wamo katika wanaoweza kuitumia. Njia hizi ni hiari ya ofisi, hazimlazimishi mtu. Lakini kijana asiyezijua hawezi hata kuzitaja anapozungumza na afisa ajira.

Kisha kuna karatasi. Fomu ya DD-214, yaani cheti cha kutoka jeshini, ina nakala kadhaa, na inayotakiwa ni ile inayoonyesha aliachishwa kwa heshima au vinginevyo. Mwenye ulemavu aambatanishe barua ya Idara ya Maveterani na fomu ya SF-15, ya kuombea zile alama 10. Ambaye bado hajatoka anaweza kuomba ndani ya siku 120 kabla ya kuachishwa, akiwa na barua ya kikosi chake. Kazi nyingi za serikali kuu zinataka uraia, kwa hiyo mwenye kadi ya ukaazi ashughulikie uraia angali amevaa sare, maana huko jeshini njia ni fupi. Kazi zenye siri zina fomu ndefu ya uchunguzi inayouliza kuhusu ndugu walio nje na kama umewahi kumsaidia kwa fedha mtu ambaye si raia wa Marekani. Yule anayemtumia mama pesa Kisumu au Tanga kila mwezi aandike hivyo bila hofu. Kumsaidia mama si kosa, kuficha ndiko kunakoharibu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni wasifu. Afisa wa ajira hutafuta ushahidi kwamba mwombaji ana mwaka mmoja wa uzoefu unaolingana na ngazi iliyo chini ya ile anayoomba. Asipouona, anamwondoa kabla kipaumbele hakijafikiwa. Alama 10 hazimsaidii ambaye hakuvuka hatua hiyo. Aliyekuwa msimamizi wa stoo kikosini anaandika namba ya fani yake na jina la kikosi, kumbe anayesoma anataka kujua alitunza vifaa vya thamani gani, aliongoza watu wangapi, kwa saa ngapi kwa wiki, kuanzia mwezi gani. Na tangu mwishoni mwa Septemba 2025 wasifu wa USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, umewekewa mpaka wa kurasa mbili, ilhali zamani watu walipeleka hata tano. Miaka minane ya jeshi katika kurasa mbili, kwa lugha ya ofisi, kwa Kiingereza ambacho ni lugha yake ya tatu.

Ofisi nazo zimejua kuzunguka. Mpango mmoja wa kuajiri wanagenzi wa serikali kuu ulitumika kupita kando ya kipaumbele mpaka Novemba 2010, bodi inayosimamia haki za watumishi ilipoamua kwamba unakiuka haki za maveterani. Mwezi uliofuata Rais Obama aliufuta.

Msimamo wangu ni huu. Mwenye ulemavu abaki na kipaumbele maisha yake yote, kwa kuwa jeraha halina tarehe ya kuisha. Mwenye afya akipate kwa miaka kadhaa baada ya kutoka, wakati pengo lake na wenzake bado ni la kweli, kisha kikome. Rais Carter alijaribu kuweka ukomo wa namna hiyo mwaka 1978, Bunge likakataa, likakubali tu kuwapunguza wastaafu wa vyeo vya juu. Naamini Carter alikuwa sahihi. Pesa ya hazina ielekezwe pale inapowasaidia wote bila kumnyang'anya mtu nafasi: mpango wa SkillBridge, kwa mfano, unamruhusu askari kujifunza kazi kwa mwajiri wa kiraia katika siku 180 za mwisho huku akilipwa mshahara wa jeshi. Lakini mkuu wake akikataa kumwachia, basi. Ningeanzia hapo, kwa kuifanya iwe haki yake.

Wapo watakaosema huu si wakati wa kupunguza chochote, na 2025 inawapa sababu. Maveterani ni kama watatu kwa kila watumishi kumi wa serikali kuu, hivyo wafanyakazi walio katika kipindi cha majaribio walipoanza kuachishwa kwa maelfu mwezi Februari, maveterani wengi walikuwamo. Sheria huwalinda maveterani ofisi inapopunguza wafanyakazi kwa utaratibu wake wa kawaida, lakini kuachishwa ukiwa kwenye majaribio kulipita nje ya utaratibu huo. Aliyepambana mwaka mzima kupata nafasi aliipoteza kwa barua pepe.

Kwa anayeomba leo na kuamini kwamba alirukwa bila kibali, malalamiko hupelekwa Idara ya Kazi ndani ya siku 60. Siku hizo huhesabiwa tangu siku aliyorukwa, hazimngoji mpaka apate mtu wa kumweleza kwamba alikuwa na haki hiyo.