Majibu yalirudi kijijini, fomu haikuyaona

Mwezi uliopita nilikaa na mwenzangu wa maabara hapa Dodoma tukijaza fomu yake ya kupanda daraja. Kila safu ilitaka namba: makala ngapi, jarida gani, amenukuliwa mara ngapi, h-indeksi yake ngapi. Kwenye mkoba alikuwa na karatasi mbili za Kiswahili, alizoziandika mwenyewe na kuzisoma mbele ya mkutano wa kijiji, kuwaeleza wazazi matokeo ya vipimo vya watoto wao. Tulizitafutia nafasi kwenye fomu, tukakosa. Akazirudisha mkobani bila kusema neno. Niliumia kuliko yeye.

Sidharau kunukuliwa. Bila kipimo chochote, watu wangepanda kwa kujuana. Ila tujue tunapima nini. H-indeksi ilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: ni idadi ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyohiyo. Ukiwa na makala 15, kila moja imenukuliwa mara 15, unapata 15. Mwenye makala 5 tu, kila moja imenukuliwa mara 300, anapata 5. Hirsch mwenyewe alitahadharisha kwamba namba moja haiwezi kumweleza mtafiti mzima. Kile kipimo cha majarida kilichoanzia kwa Eugene Garfield, “impact factor”, nacho ni wastani wa nukuu za jarida lote, si za mwandishi mmoja. Azimio la San Francisco kuhusu kupima utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, lilivitaka vyuo na wafadhili viache kumpimia mtu kwa jina la jarida. Fomu yetu bado inauliza jina la jarida.

Nikifikiria utafiti uliowagusa watu wa Ugogo, nakumbuka Kongwa, wilaya ya hapa mkoani Dodoma. Trakoma, wengi tunaiita vikope, hukunja kope kwa ndani zikaukwaruza mboni mpaka mtu anapofuka. Watafiti walichukua vijiji sita. Vitatu vikapata dawa ya macho ya tetrasaiklini pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Vitatu vikapata dawa peke yake. Makala ikatoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 1995: pale walipohimizwa kunawa, trakoma kali ilikuwa pungufu. Usafi wa uso leo ni sehemu ya mkakati wa WHO dhidi ya ugonjwa huo.

Makala hiyo inastahili kila nukuu iliyopata. Lakini ilitanguliwa na kazi isiyo na safu: kukaa na wanaume kwa wanawake, kuzungumzia nani nyumbani anaamua maji yatumike vipi. Kongwa ni nchi kavu. Ndoo imebebwa kichwani kutoka mbali. Kumwomba mama atoe kidogo kwa ajili ya uso wa mtoto si jambo la kutangaza kwa kipaza sauti ukaondoka. Kama wale akina mama wangekataa, kusingekuwa na cha kuandika.

Na mtafiti wa hapa anayeshughulikia ugonjwa wa maskini ana wenzake wachache duniani wa kumnukuu. Akiandika kwa Kiswahili, watakaomsoma ni mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya na mwalimu wa shule ya msingi, ambao hawaandiki makala. Watatumia alichoandika, na kwenye hesabu ataonekana hajafanya kitu.

Ninachotaka ni safu moja iongezwe: majibu umeyarudisha kwa nani, lini, kwa lugha gani? Nimeambiwa haithibitishiki. Inathibitishika. Mkutano wa kijiji una muhtasari, una mahudhurio, una mhuri wa mtendaji. Mwenzangu anao wake, wino wa zambarau umechuruzika kidogo pembeni.

Alinisimulia kwamba siku ile, alipomaliza kusoma, mama mmoja alisimama akiwa na mtoto mgongoni. “Daktari, tumeshapimwa sana hapa,” alisema. “Hebu rudia pale penye dawa, polepole, nipashike.” Akarudia mara tatu.