Mama Mkwe Akataa Kamari

Mke wangu alitaka Kamari tangu mwanzo, na lau tungemsikiliza, leo ningekuwa bado na heshima yangu kwa wakwe.

Kamari ni kijiji cha ufukweni, upande wa mashariki wa Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe. Mchanga wake ni mweusi wa volkano, ardhi tambarare, basi lipo, uwanja wa ndege uko karibu. Kwa familia inayosafiri na mama wa miaka sitini na nane mwenye goti linalolalamika, hapakuwa na la kujadili. Ila siku tunatafuta chumba kwenye simu, pale kwetu Stuttgart, mama mkwe alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, wiki ya pili tangu afike kutoka Lamu.

"Mwenda wapi?"

"Kamari, mama."

Tasbihi ikasimama.

"Astaghfirullah. Mimi hajat. Nirudi Amu watu waniulize nilikuwa wapi, niwambie nilikuwa kwenye kamari?"

Mke wangu akamweleza kuwa ni jina tu, Wagiriki hawana nia mbaya. Mama akamgeukia binti yake, nami nimekaa hatua mbili mbele yake: "Mwambie mumeo atafute pahali penye jina la heshima."

Kazi ikaniangukia mimi, na hapo ndipo kamari yenyewe ilipochezwa.

Kisiwa chenyewe kimekaa kama hilali. Volkano ililipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, katikati pakadidimia, bahari ikaingia; shimo hilo ndilo waliitalo kaldera. Upande wa ndani ni majabali yaliyosimama wima, na juu yake ndiko iliko miji ya Fira, Imerovigli na Oia. Huko ndiko picha hupigwa na ndiko bei huanza kuongea lugha nyingine. Upande wa nje ardhi yateremka polepole hadi Kamari na Perissa, ambako wenye akili hulala, wakapanda basi kwenda kutazama majabali ya wenzao. Vyumba vya Oia nilivyoviona vilianzia yuro 400 kwa usiku. Nikashuka, nikashuka, hadi saa saba za usiku nikakutana nacho: yuro 65, vitanda vitatu, kibaraza, mandhari kamili ya kaldera na Oia. Picha ilionyesha Oia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, nyeupe kama meno ya mtoto. Nikalipa papo hapo, kabla mjanja mwingine hajaamka. Pesa hazirudishwi.

Swali moja dogo halikunijia: huyu anayeiona Oia yote, yeye amesimama wapi?

Tulipanda meli Piraeus, bandari ya Athens, asubuhi, safari ya saa nane hivi. Mama, mtu wa mashua tangu utotoni, alikula ndizi na kusinzia. Aliyeinamia mfuko wa plastiki ni mimi. Tuliposhuka bandari ya Athinios, chini kabisa ya jabali, watu wakaanza kugombania teksi, ambazo ni chache kweli kweli. Nikamwona dereva mmoja mzee, nikamkimbilia nikipunga mkono: "Oya! Oya!" Nilikuwa namtajia mji tu. Baadaye ndipo nikajua kuwa huandikwa Oia lakini wenyewe husema "Ia".

Nyuma yangu nikasikia: "Mwambie mumeo, watu wazima hawaitwi hivo."

Tulipofika nikampa dereva anwani kamili. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akanishika mkono kama mtu amshikavyo kipofu, akanipeleka hadi ukingoni na kunyoosha kidole. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kisiwa kingine, jabali lake refu la rangi ya kahawia, na juu ya jabali mstari mwembamba mweupe wa nyumba.

"Thirasia," akasema.

Mandhari kamili ya Oia. Mwenye chumba hakudanganya hata herufi moja.

Mashua ya mwisho ilikwishaondoka. Usiku ule tulilala Oia kwa yuro 310, katika chumba cha kale kilichochongwa ndani ya mwamba, kama walivyokuwa wakijenga wenyeji. Mama akagusa ukuta, akatazama dari iliyopinda, akauliza kwa upole sana, "Pesa zote hizi, twalalishwa pangoni?" Sikujibu. Mke wangu naye hakusema neno tangu ukingoni, na wenye ndoa wanajua hiyo ni hatari kuliko kelele.

Asubuhi nikampigia mwenye chumba. Akanituliza: usijali, nyumba iko karibu sana na gati, juu yake tu. Tukashuka Ammoudi, bandari ndogo iliyo chini ya Oia, tukavuka, mashua ikatuteremsha Korfos, gati la Thirasia. Nikainua macho. Kweli, ilikuwa juu yake tu. Kati yetu na nyumba palikuwa na ngazi za mawe zinazopanda jabali kwa kona na kona, na mwanzo wa ngazi walisimama punda watatu.

Mama akawatazama. Punda wakamtazama.

"Mwambie mumeo," akasema, "nimetoka Amu, nikapanda ndege tatu na meli, nije Ulaya kupanda punda?"

Lakini mtu wa Lamu na punda hawaachani hivi hivi. Akamwendea wa kwanza, akamwinua mguu akatazama kwato, akampapasa mgongo kutafuta vidonda, akafika kwenye mkanda wa tumbo akasimama. Akamkemea mwenye punda kwa Kiswahili, kwamba mkanda umelegea na mnyama atachubuka. Yule Mgiriki, mzee mwenye masharubu, akaukaza bila kuuliza. Akamwinamia kidogo, kisha akamsaidia kupanda.

Nikasogea kwa wa pili. Mzee akanipima kwa macho kuanzia viatu, akatikisa kichwa. Kumbe tangu 2018 Ugiriki ina kanuni: punda asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Mimi nina 104, na hiyo ni kabla ya chai. Mke wangu akampanda yule aliyekusudiwa mimi.

Nikabaki na sanduku la mama, kilo 23 za ng'onda, achari na unga wa mahamri, maana alishasema hali chakula asichokijua. Gurudumu la kwanza lilitoka ngazi ya kumi na moja, likashuka lenyewe hadi baharini, tiki, tiki, tiki, chubwi. Nilihesabu ngazi mpaka 140 nikaacha, nikabaki kuhesabu pumzi. Kwa juu sauti ya mama ikinishukia: "Mwambie mumeo atazame mavi."

Manolas, hicho kijiji cha juu, mama alikipenda kuliko mahali popote Ulaya. Vichochoro, paka, watu wachache, kila mtu akikusalimu. Ila jua huzama nyuma ya kijiji. Mbele yetu, kibarazani, tuliona tu taa za Oia zikiwaka, ambako maelfu walikuwa wakitazama machweo. Siku tatu tulikaa tukiwatazama watu wanaotazama jua.

Ndege ya kurudi ilikuwa alfajiri, na hakuna mashua ya saa hizo. Usiku wa mwisho ilibidi tulale karibu na uwanja wa ndege. Mke wangu akakata shauri peke yake, akalipa peke yake, yuro 70, hakuna hata ngazi moja.

Mama aliketi kwenye mchanga mweusi, miguu ndani ya maji, buibui limekunjwa kidogo, uso umetulia. Simu ikalia kutoka Lamu. Dada yake alitaka kujua yuko wapi sasa.

Mama akanitazama. Akamtazama binti yake.

"Niko pwani," akasema. "Pwani tu. Sikusikii vizuri, ntakupigia."