Hawar Mulla Mohammed na mizani mbili mbovu

Ubishi wa wachezaji bora wa soka wa Asia haumalizi hata kikombe cha kahawa. Atatajwa Son, atatajwa Park Ji-sung, mwenye kumbukumbu ndefu ataongeza Nakata, mada imeisha. Mimi nikimtaja Hawar Mulla Mohammed, winga wa zamani wa Iraq, naulizwa swali moja tu: kacheza klabu gani Ulaya? Nikijibu Anorthosis ya Kupro, kicheko.

Wachache wanaomjua wanamjua kwa picha nyingine. Huyo ni yule Mkurdi aliyeipigia Iraq kona kwenye fainali ya Kombe la Asia, Msunni akaiunganisha kwa kichwa, huku golini kwao kasimama Mshia. Waandishi wa dunia nzima waliipenda hadithi hiyo mwaka 2007, na bado wanaipenda.

Mizani zote mbili naona ni mbovu. Ya kwanza inamdharau, ya pili inamgeuza bango la amani, na katika zote mbili mchezaji mwenyewe humwoni.

Alizaliwa Mosul mwaka 1981, Iraq na Iran zikiwa vitani. Akakua katika miaka ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, vilivyoanza 1990. Ni winga wa kushoto, mguu wa kushoto, mtu wa krosi, kona na mipira ya adhabu. Alianza kuichezea timu ya taifa mwaka 2001, wakati soka la Iraq liko mikononi mwa Uday, mtoto wa Saddam Hussein, na wachezaji wengi wa enzi ile wamesimulia jinsi walivyofungwa jela na kupigwa kwa sababu ya kupoteza mechi. Anayeuliza kwa nini hakuonekana mapema na maskauti (wasaka vipaji) wa Ulaya aniambie kwanza skauti huyo angepita njia gani kufika Mosul.

Utawala ule ulianguka 2003. Mwaka mmoja tu baadaye, Iraq wako Ugiriki kwenye Olimpiki. Mechi ya kwanza ni Ureno, yenye kijana anayeitwa Cristiano Ronaldo. Iraq wakashinda 4-2, Hawar akiwa mmoja wa wafungaji. Wakaifunga Costa Rica 2-0, akafunga tena. Walimaliza nafasi ya nne, baada ya kufungwa 1-0 na Italia katika mechi ya kugombea medali ya shaba. Kwa timu ambayo hata mechi zake za "nyumbani" ilikuwa ikizichezea Jordan, mimi sioni aibu yoyote hapo.

Kisha ikaja 2007. Kocha Jorvan Vieira, Mbrazili, alikabidhiwa kikosi ikiwa imebaki kama miezi miwili Kombe la Asia lianze. Watu wanarukia fainali, lakini mechi ya kumjua Hawar ni ile ya makundi dhidi ya Australia, pale Bangkok. Australia walikuwa na Schwarzer, Viduka, Kewell na Cahill, na wengi waliwapa kombe kabla halijachezwa. Walilala 3-1, na bao la pili ni la Hawar. Nusu fainali Iraq waliitoa Korea Kusini kwa penalti. Baghdad watu wakamwagika mitaani kushangilia, mabomu yakalipuka katikati yao, wakafa watu wapatao 50. Hiyo ilikuwa siku nne kabla ya fainali.

Sasa hiyo kona. Jakarta, Julai 29, Iraq na Saudi Arabia, sifuri kwa sifuri, kipindi cha pili kinayoyoma. Hawar anapiga mpira unaomshawishi kipa Yasser Al-Mosailem atoke golini, kipa anaukosa, Younis Mahmoud anamalizia kwa kichwa. Bao moja, ubingwa wa kwanza wa Asia katika historia ya Iraq. Itazame bila maelezo ya mtangazaji. Ule mpira una uzito wake: haukuwa karibu kiasi cha kudakwa, wala mbali kiasi cha kumfanya kipa abaki langoni. Kumsukuma kipa mzima afanye uamuzi mbaya katika fainali ni ufundi. Kabila la mpigaji halikuukunja ule mpira. (Umoja wa Iraq ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Ila nadhani hata umoja wenyewe haupungukiwi kitu tukisema kwamba jamaa alikuwa anajua kupiga kona.)

Nirudi kwenye kile kicheko cha Anorthosis. Ni klabu ya Famagusta, mji uliotekwa na jeshi la Uturuki mwaka 1974. Tangu hapo inaishi ukimbizini Larnaca, ndani ya kisiwa chake yenyewe. Mwaka 2008 iliitoa Olympiacos ya Ugiriki na kuwa klabu ya kwanza ya Kupro kufika makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Uwanja wa Larnaca haukutumika, mechi zikapelekwa Nicosia. Hapo ndipo Panathinaikos, nao wa Ugiriki, walipopigwa 3-1, Hawar akiandika la tatu, na kuwa Muiraq wa kwanza kucheza na kufunga kwenye mashindano hayo. Mtanzania aliyemwona Samatta akiifunga Liverpool pale Anfield mwaka 2019 hahitaji kuelezwa usiku kama huo maana yake nini. Inter ya Italia, chini ya kocha Mourinho, nayo ilitoka 3-3 na hao Anorthosis. Walimaliza mkiani mwa kundi, sawa, lakini na pointi sita.

Kwingineko alikopita ni Lebanon, Falme za Kiarabu, Qatar na Iran. Kule Tehran alivaa jezi za Persepolis na za Esteghlal pia, yaani amecheza Simba na amecheza Yanga, tena katika nchi iliyokuwa ikipigana na ya kwao siku anazaliwa. Wapo wanaoiona safari hiyo kama ya mtu asiyetulia. Mimi naona ndiyo ramani ya kazi kwa mchezaji wa Iraq wa kizazi kile: unakwenda kwenye mkataba na usalama, na timu ya taifa ikikuita unaruka kwenda kucheza "nyumbani" kwenye nchi ya mtu. Hadi Julai 2009 ndipo Palestina ilipokuja kucheza mechi za kirafiki Erbil na Baghdad, ndani ya Iraq yenyewe.

Je, alikuwa na kasoro? Alikuwa nazo. Alikuwa na siku za kupotea uwanjani kabisa, na mabao yake ya timu ya taifa si mengi ukizingatia kwamba aliitumikia zaidi ya mechi 100. Sisemi kwamba alikuwa Giggs, yule winga wa Manchester United, aliyenyimwa bahati. Ninachobishia ni kumweka chini ya winga yeyote aliyekaa benchi misimu miwili Uingereza, eti kwa sababu tu benchi lilikuwa la Uingereza.

Kwa hiyo kikosi changu cha Asia cha muongo ule ni hiki: Park Ji-sung namhamishia kulia, na kushoto anaanza Hawar. Kona zote, za pande zote mbili, anapiga yeye.