Ubaguzi wa rangi kwenye mashirika ya kijamii Marekani: tunagombana juu ya nini hasa?

Tangu George Floyd, mtu Mweusi, auawe na polisi kule Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, mashirika ya kijamii Marekani, yale yanayosaidia wapangaji, wahamiaji, watu waliotoka jela, yana mgogoro mmoja wa ndani ambao mpaka leo haujaisha. Kuna wanaosema mazungumzo ya rangi yanayatafuna mashirika, watu wanashinda vikaoni wanashutumiana na kazi imelala. Wengine wanasema hapana, kilichokuwa kinatafuna ni ule ukimya wa miaka yote, sasa hivi mnasikia tu maumivu ambayo yalikuwepo siku zote. Mimi nimejitolea kwenye shirika la namna hiyo, la wapangaji, na nimeona pande zote mbili zikiwa na haki ndani ya chumba kimoja.

Nianze na wale wanaolalamikia ukimya. Tulikuwa na dada mmoja Mweusi, ndo alikuwa anagonga milango, anajua nyumba gani ina ukungu, nani kapewa notisi ya kuhama. Mkurugenzi alikuwa Mzungu, mtu mwema kabisa, maandiko yote ya kuombea fedha anaandika yeye. Siku moja kwenye kikao yule dada akasema, "Kwenye andiko la mfadhili jina langu liko mara nne, kwenye kikao cha bajeti sijawahi kuitwa hata mara moja." Mkurugenzi akaanza kulia. Basi nusu saa nzima ikaisha tunambembeleza mkurugenzi, na swali lenyewe likabaki pale mezani halijaguswa. Baadaye akaletwa mshauri, tukakaa siku mbili tunaongelea hisia, lakini mshahara na nani anaamua nini havikutajwa kabisa. Sasa ukimwambia dada kama huyu kwamba anavuruga umoja, umoja gani huo ambao yeye kazi yake ni kupigwa picha tu?

Halafu kuna hili jingine, na lilitokea palepale. Kijana mmoja, naye Mweusi, alikaa wiki kadhaa bila kutembelea familia alizopangiwa. Msimamizi wake, mama Mweusi wa makamo, akamuuliza. Kijana akajibu kwamba kumfuatilia namna ile ni tabia za kibaguzi. Yule mama akanyamaza, na ofisi nzima ikanyamaza, kila mtu anaogopa kuonekana yuko upande mbaya. Wakati huo wapangaji wanasubiri simu. Hapa ndo nawaelewa viongozi wanaosema wamechoka, na tusidhani ni Wazungu peke yao. Maurice Mitchell, ambaye ni Mweusi na anaongoza Working Families Party, chama kidogo cha siasa cha mrengo wa kushoto, aliandika Novemba 2022 kwamba kutaja utambulisho wako hakuwezi kuchukua nafasi ya hoja, na kwamba kuchukia uongozi wa aina yoyote kunayadhoofisha mashirika yetu wenyewe. Hakusema ubaguzi haupo. Alisema tusiutumie kufunga mjadala, na mimi nakubaliana naye, ingawa najua wapo waliolishika neno lake ili wasisikilize mtu tena, hilo linaniuma kwa kweli.

Mgogoro huu si mpya. SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki za Weusi, iliyoundwa Aprili 1960 pale Shaw University, Raleigh, kwa msukumo wa mwanaharakati Mweusi Ella Baker, ilikuwa na Weusi na Wazungu wanaolala nyumba moja na kufungwa jela pamoja. Kiangazi cha 1964 wakapeleka mamia ya wanafunzi wa kujitolea, wengi Wazungu, kwenye jimbo la kusini la Mississippi kuwaandikisha Weusi wapige kura. Juni 21 wakauawa vijana watatu, James Chaney Mweusi, Andrew Goodman na Michael Schwerner Wazungu, na nchi nzima ikasimama kuwatafuta. Katika kutafuta huko zikapatikana maiti za vijana Weusi wengine, Henry Dee na Charles Moore, ambao nchi haikuwa imesimama kwa ajili yao. Ukiliweka hilo kichwani unaelewa kwa nini miaka miwili baadaye, Desemba 1966, SNCC walikaa kupiga kura kama Wazungu watoke. Waliosema watoke 19, wabaki 18, na 24 hawakupiga upande wowote. Hiyo namba ya 24 ndo inanisumbua kila nikiisoma. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu waliokosa la kusema, na shirika likabadilika kwa tofauti ya kura moja. Hoja ya waliotaka watoke ilikuwa nzito, kwamba Weusi wajiongoze na Wazungu waende kuwaandaa Wazungu wenzao, lakini kura ya namna ile haiponyi shirika, inaacha watu wamenuna.

Na ile hoja ilifanya kazi sehemu nyingine. Chicago, 1969, Fred Hampton wa Black Panther, chama cha wanamapinduzi Weusi, aliungana na Young Lords ambao ni Wapuerto Riko, na Young Patriots, Wazungu maskini waliohamia kutoka kusini, ambao walivaa kwenye majaketi yao bendera ya Confederate, ile ya majimbo ya kusini yaliyopigana vita kulinda utumwa! Kila kundi lilikuwa na chumba chake na viongozi wake, hawakuambiwa kwanza wapendane, walikutana kwenye mambo yanayowabana wote, nyumba mbovu na polisi. Hampton aliuawa na polisi tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, ana miaka 21.

Kwa hiyo mi sioni tatizo watu Weusi ndani ya shirika wakiwa na kikao chao, wala sioni tatizo msimamizi kuuliza kazi imefikia wapi. Ninachokiona ni kwamba ubaguzi ukiachwa hewani kama hali ya hewa ya ofisi kila mtu ataupumua na hakuna atakayeushika, lakini ukiutafuta kwenye vitu vinavyohesabika, nani analipwa nini, nani anaongea na mfadhili, nani anasaini, pale unakamatika. Yule dada baada ya kusumbua sana aliingizwa kwenye kikao cha bajeti. Kitu cha kwanza alichouliza ni nauli, manake wagonga milango wote, karibu wote Weusi na Walatino, walikuwa wanapanda basi kwa pesa zao mfukoni, na kwenye bajeti hapakuwa na mstari wa nauli kabisa. Ukawekwa siku ileile. Wiki iliyofuata yule kijana alirudi kwa familia zake.